Mkwe, Mimi na Bomba la Gesi

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kambi imefika! Kambi ya ziwani. Wamenikubalia mwezi mzima, mimi na trela langu la kulala, kuanzia tarehe 22. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni huku sufuria likiungua nyuma yangu. Miaka thelathini na moja nimefundisha upishi, na leo nimeunguza maharage. Basi tu.

Binti yangu kaisoma baada yangu. Yeye anauza bima. Kila anachokitazama anakiona kimeshaungua, kimeshazama au kimeshaibiwa. Akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika alipokuwa anapatafuta. "Mama, sikiliza hapa." Marufuku kupika ndani ya trela. Marufuku kuni na mkaa. Marufuku mtungi wa gesi kukaa chini, kila mtungi ubaki kwenye boksi lake mbele ya trela. "Sasa mwezi mzima utakula nini? Biskuti?" Akaikunja ile barua vizuri sana, kama mtu anayekunja sanda.

Anataka trela liuzwe. Hasemi, lakini juzi nimemkuta analipiga picha, upande usio na kutu.

Marehemu baba yake alilinunua kwa injinia wa barabara aliyekuwa anahama. Tulisafiri nalo mara mbili tu. Mara ya tatu alikuwa ameshaanza kuumwa, tukalala humo humo uani, mlango wazi, tukijifanya tuko mbali. Miaka sita sasa limesimama hapo hapo. Haliuzwi!

Nimefikiri jioni yote. Mitungi ibaki kwenye boksi, sawa. Bomba la gesi linapita chini ya sakafu mpaka kwenye jiko la ndani. Nikilikata katikati, nikaweka tawi, tawi likatokea ubavuni — jiko la nje! Nimeisoma barua tena mara mbili. Haijakataza tawi.


Jumanne, 4 Machi

Nimeingia chini ya trela na tochi, futi ya kushonea na mto wa kulalia kichwa. Bomba nimeliona. La shaba, nene kama kidole changu kidogo. Kutoka hapo hadi ubavuni, sentimita sitini. Kupima — kazi rahisi. Kutoka sasa! Gauni limenasa kwenye bolti.

Aliyenikuta ni mkwe wangu, mume wa binti. Wanakaa mtaa wa pili. Ni fundi wa majokofu, mtu mrefu, mpole, katulia kama maji mtungini. Alikuja kuazima ngazi. Nikasikia viatu vikisimama karibu na miguu yangu. Halafu: "Shikamoo, mama."

Ameamkia miguu!

Nikaitikia marahaba nikiwa chini ya sakafu. Hajambo? Hajambo. Nyumbani hawajambo? Hawajambo kabisa. Na kazi? Kazi nzuri, tunashukuru. Tumesalimiana dakika nzima mimi nimenasa kama panya, na hata siku moja asingeuliza nafanya nini humo. Mwisho nikamwambia aninasue. Kaninasua akiwa ameangalia upande wa nyumba ya jirani.

Nimemweleza mpango wangu wote. Akasikiliza hadi mwisho. "Ni wazo zuri, mama. Ila..."

Ila nini?

Aa, hakuna kitu, mama. Akachukua ngazi akaenda zake.


Alhamisi, 6 Machi

Dukani kwa muuza vipuri. Nimemwomba kiungo cha njia tatu, kile mafundi wanachokiita tii. Akamjibu mwanamume aliyesimama nyuma yangu: "Ya saizi gani, mzee?" Mzee wa watu kaja kununua kufuli.

Nikasema milimita nane. Muuza vipuri akaendelea kumtazama mzee. Basi nikamnong'oneza mzee: milimita nane. Mzee akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Milimita nane." Ikaletwa mara moja!

Hivyo ndivyo tulivyonunua vyote, mimi na mzee wa kufuli, bega kwa bega. Tii moja. Koki moja. Mpira wa gesi mita mbili. Utepe mweupe wa kuzibia viungo. Tulipomaliza mzee kaniuliza pole pole, "Kwani tunatengeneza nini?" Nikamwambia. Akasema mke wake naye ni hivyo hivyo, akasahau kununua kufuli.


Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kazi. Mitungi nimefunga. Madirisha wazi. Bomba nimelikata kwa msumeno wa chuma, roho mkononi. Tii imekaa. Kila kiungo nimekizungushia utepe kama bandeji, halafu spana, halafu nguvu zote za uzee wangu.

Kisha maji ya sabuni. Hili nimewafundisha wasichana mia kadhaa: usitafute gesi kwa kiberiti, itafute kwa sabuni. Paka povu juu ya kiungo, likivimba, panavuja. Nikafungua mtungi. Likavimba. Nikafunga, nikakaza. Likavimba tena. Asubuhi nzima najikaza kisabuni na sabuni yenyewe inanicheka.

Mara ya tatu sikuona povu likivimba. (Miwani ilikuwa ndani.)

Mchana mkwe kapita kurudisha ngazi. Ameinama, ametazama kiungo changu muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliyemsahau. "Umejitahidi sana, mama. Ila..."

Nikangoja. Akaniuliza kama nina chumvi ya kumwazima. Chumvi!


Jumamosi, 8 Machi

Nimewaalika binti na mkwe waje wale kuku wa jiko la nje. Jiko jipya, miguu minne, kifuniko chekundu. Nikachomeka mpira, nikafungua koki, nikawasha.

Moto ukawaka. Mdogo! Mdogo kama wa mshumaa ulioonewa. Nikafungua koki hadi mwisho. Ule ule. Upepo ukipita unalala chini kabisa, halafu unanyanyuka tena, unanihurumia.

Kuku kaingia jikoni saa tano. Saa saba alikuwa na jasho tu. Saa nane binti kamgusa kwa uma, akasema huyu hajaiva huyu, huyu ana homa. Kacheka mpaka machozi. Nimemalizia kumpika ndani, jiko la zamani, madirisha yote yamefungwa ili jirani asisikie harufu akajua nimeshindwa.

Wakati wa kuaga binti kanishika bega. Kaacha kucheka. Amesema, "Mama, kubali tu. Si kila kitu cha baba lazima ukiendeshe wewe."

Nimeosha vyombo kwa kelele sana.


Jumatatu, 10 Machi

Kijitabu cha jiko kimeandikwa kwa lugha nane na sijui hata moja. Nimetazama michoro. Mtu mdogo asiye na uso ananionyesha mshale.

Basi nimetumia akili. Kwenye mitungi kuna regulata, kile kidude cha kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye bomba. Kazi yake kupunguza. Na mimi moto wangu umepungua. Mwizi si huyu hapa?

Kesho narudi kwa muuza vipuri. Nahitaji mpira wa kuunga mtungi na bomba moja kwa moja, bila yule mwizi. Nimemwomba Mungu nimkute mzee wa kufuli.


Jumatano, 12 Machi

Nitaandika yote, hata yale ninayotaka kuyasahau.

Saa nne asubuhi niling'oa regulata ya mitungi. Nikaunga mtungi na bomba. Nikawasha jiko — na lile jiko likanguruma! Moto wa buluu, mrefu, tundu zote! Nimeruka. Mwanamke wa miaka sitini na mbili karuka uani peke yake. Nikaweka kuku. Akaanza kulia pale pale, chwaaa. Nikasema, leo binti yangu atakula maneno yake yakiwa ya moto.

Nikasikia na sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Nikadhani ni mafuta ya kuku.

Mkwe akaingia getini. Akanyanyua mkono wa salamu. Mkono ukabaki hewani. Akavuta pua. Akainama kutazama chini ya trela.

"Mama! Toka hapo!"

Bila shikamoo! Kwanza nilikasirika. Nikamwambia ngoja nigeuze kuku.

Hakungoja. Amenibeba. Mkwe wangu, ambaye miaka tisa hajawahi kukalia kiti kilicho karibu nami, amenikunja begani kama gunia la viazi, mimi na koleo la kugeuzia kuku mkononi, tukapita chini ya kamba ya nguo, shuka likanifunika kichwa, sikuona kitu. Akaniweka juu ya beseni lililopinduliwa, mwisho kabisa wa ua. Kisha akarudi mbio. Akarudi kule kule! Akafika kwenye boksi la mitungi, akafunga. Moto wa jiko ukafa. Ile sauti nyembamba ikafa nayo.

Akasimama pale muda, amekishika kile kichwa cha mtungi kama vile kingefunguka chenyewe.

Alipokuja alikaa chini kwenye majani mbele yangu. Kasema gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inatambaa. Ilikuwa inatambaa chini ya trela, inalifuata jiko, na jiko lilikuwa hatua nne tu. Kiungo changu kilistahimili nguvu ndogo kwa taabu. Nilipokisukumia nguvu zote za mtungi kikaachia.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Inatambaa, haipandi — nimeliandika ubaoni kila mwaka kwa chaki nyekundu.

Nikamwuliza, sasa kwa nini hukuniambia? Ulikiona kiungo siku ya Ijumaa!

Hapo zikatoka. Ila zote alizokuwa amezimeza zikatoka kwa mkupuo. Ila kiungo kile hakitaki utepe, mama, kinataka shaba ikae kwenye shaba. Ila regulata ya kutoa si ile kubwa ya mitungi, ni nyingine ndogo iliyokuja na jiko lenyewe. Ya kwanza inaminya gesi, ya pili inaiminya tena, ndiyo maana moto ulikuwa na homa. Ila ngazi hakuwa na haja nayo, wala chumvi. Alitumwa na mkewe aje anichungulie. Ila tangu Ijumaa halali vizuri, na leo kaacha jokofu la mtu limefunguliwa kaja kuniambia, na njia nzima alikuwa anatafuta neno la adabu la kuanzia.

"Na ila moja nyingine, mama." Sema. "Maini."

Maini yamefanya nini?

Hapendi maini. Miaka tisa, kila Jumapili, nampikia maini kwa sababu siku ya kwanza alimaliza sahani. Anayameza mazima, kama dawa.

Halafu nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyezinduka. "Samahani, mama. Nimekubeba."

Nikamwambia: nimeona.


Alhamisi, 13 Machi

Sikuligusa trela. Yule kuku nimemfukia.

Usiku ule tuliolala uani, marehemu alisema kuna watu wawili tu wa kuogopa: asiyejua na anayejua sana. Nilidhani anamsema daktari wake.


Jumamosi, 15 Machi

Mkwe kaja saa mbili na sanduku lake la vyuma. Nilimwambia jana: chukua kazi yote, mimi nitakaa na kitabu. Akasema hapana. Tutafanya wote, mama, na ukikosea nitasema. Alisema "nitasema" kama mtu anayekula kiapo.

Kasema! Loo, kumbe akianza hanyamazi. Si hivyo, mama. Zungusha kinyume, mama. Mama, hiyo ni tochi, spana iko kushoto. Adhuhuri nilikuwa nimemkumbuka yule mkwe wa zamani kidogo.

Kanionyesha jinsi ya kupanua mdomo wa bomba la shaba kwa kibano chake ufanye umbo la faneli. Kama kukunja pindo la mkate. Mkono wangu uliijua kazi! Tawi lina viungo vitatu. Kimoja kafunga yeye, viwili mimi. Regulata ya mitungi imerudi mahali pake, nimeipangusa, nimeiomba radhi kimoyomoyo. Ile ndogo ya jikoni imetoka.

Kisha kaunga mrija wenye maji ya rangi, ulioinama kama kiatu cha farasi. Ukiona maji yanashuka upande mmoja, gesi inatoroka. Tumekaa kwenye ndoo mbili tukayatazama nusu saa. Hayajasogea hata unywele. Tumeongea mengi katika hiyo nusu saa. Hapendi kazi ya majokofu. Anapenda kimya. Sikujua yote hayo, na huyu mtu kala kwangu Jumapili mia nne na zaidi.

Halafu sabuni. Miwani nimevaa. Povu limelala juu ya viungo kama paka.

Tukawasha. Moto wa buluu, wa kadiri, ulionyooka. Sikuruka. Nimesimama tu.

Tumekubaliana kwamba binti hana haja ya kujua habari za Jumatano.


Jumapili, 16 Machi

Binti anajua habari za Jumatano!

Jirani kamwona mkwe wangu kanibeba. Kamsimulia binti dukani, mbele ya watu. Binti kaingia kwangu na mkoba bado begani. "Nasikia ulibebwa."

Nikasema: mguu uliteguka. Mkwe akasema: nyoka. Kwa wakati mmoja!

Nikasema, nilikuwa namkimbia nyoka ndipo nikateguka. Binti yangu anasikiliza madai ya watu kila siku, mwaka mzima. Akakaa. Nyoka wa rangi gani? Nikasema kijani. Mkwe akasema mweusi. Kisha akaongeza, jasho linamtoka, kwamba alikuwa mweusi mgongoni, kijani tumboni.

"Mlimwona tumbo?"

"Alijigeuza," akasema mkwe wangu.

Tukaenda mezani. Nilikuwa nimepika samaki. Binti kafunua bakuli, kafunika, kafunua tena. "Leo hakuna maini?" Mkwe akapaliwa na maji. Binti ametutazama mmoja mmoja, zamu kwa zamu, kama mtu aliyerudi safari akakuta fanicha zimehamishwa. Sikupenda alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Ni kama aliyeachwa nyuma.

Ningemwambia ukweli. Lakini nikimwambia, trela linauzwa kesho asubuhi.


Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia.

Sikuweza kulala na yule nyoka. Nimekwenda ofisini kwake, nimechukua namba ya foleni kama mteja. Nimemweleza yote, regulata, sauti nyembamba, gunia la viazi. Hakupiga kelele. Kasema tu, "Na mkaniweka mimi nje." Kisha akaita namba inayofuata.


Jumamosi, 22 Machi

Niko kambini! Safari ya saa tatu, mkwe anavuta trela kwa pikapu ya kazini kwake, mimi pembeni yake na barua mapajani. Binti hakutoka kutuaga. Alisema ana mafaili.

Mkaguzi wa kambi ni mwanamama mfupi, chupa ya kupulizia sabuni kiunoni kama bastola. Hakutusalimia, aliingia chini ya trela moja kwa moja. Dakika kumi tunatazama viatu vyake. Akatoka. Nani kafunga viungo hivi? Mkwe akasema, "Kimoja mimi, viwili mama." Akarudi tena chini! Akatoka na majani kichwani. Kasema kuna kimoja kimekazwa kwa hasira. "Lakini hakivuji." Akagonga muhuri.

Nimekaa kwenye ngazi ya trela, nimelia kidogo. Mkwe akageuka kutazama ziwa.

Alitakiwa aondoke saa nane. Kasema ngoja kwanza anywe chai. Saa tisa kasema ngoja amuone kuku anavyoanza. Saa kumi kavua viatu. Sasa saa kumi na moja, yuko kwenye kiti changu kizuri, koleo mkononi, miguu kwenye majani, na tangu saa tisa hajasema neno kwa hiari yake. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivi. Simu yake kaizima. Nimemwambia nenda nyumbani, baba. Anasema ndiyo mama. Hanyanyuki.

Simu yangu imeita. Binti! Mkwe kaniangalia kwa macho ya kuomba — mwambie nimeshatoka, nimeshatoka! Sijui nimfanyeje huyu. Nimefungua mdomo kusema kweli, na binti akanikatiza.

"Usiseme kitu, mama. Namwona. Nawaona wote wawili."

Yuko getini. Kaja kwa basi, na sanduku. Sanduku kubwa! Mlinzi hataki kumfungulia kwa sababu kwenye barua kuna jina langu peke yangu. Nasikia anabishana naye, anamsomea masharti. Kisha sauti imeshuka, imekuwa ile ya utotoni, akiwa nje ya mlango wa bafu. "Mama, mwambie mimi nani. Mwambie anifungulie."

Naandika haraka. Mkwe anatafuta soksi. Anauliza, mama, tumfungulie? Nimemwambia mlinzi, kwa simu ya binti, ampe kiti, nakuja. Kuku kaiva upande mmoja tu, na trela lina vitanda viwili.